Waliopewa na Wasiopewa

Reli iliyojengwa na Wajerumani kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902. Ilikuta tayari watu wamekwisha kukaa kando ya Mto Pangani, na sehemu kongwe ya mji mpaka leo inaitwa Old Korogwe. Kutoka hapo, ukishika barabara ya Moshi mpaka Mombo kisha ukakunja kulia, unapanda Soni na Lushoto hadi Magamba, penye baridi na msitu. Ukielekea kusini unaingia Handeni, nchi ya Wazigua, ambako mvua haina uhakika. Ukifuata maji ya mto unatokea Pangani, baharini. Katika kipande hiki cha nchi, kwa zaidi ya nusu karne, wanafunzi na watafiti wamekuwa wakijifunza kwa mikono yao jambo ambalo kwenye vitabu linaonekana jepesi: namna ya kutambua kama kitu fulani kimeleta badiliko kweli, au ni sisi tu tuliotaka kuliona.

Habari yenyewe inaanzia kwenye aiskrimu.

Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba. Wavulana wa pale walikuwa na desturi ya kujitengenezea aiskrimu. Maziwa yanachemshwa, yanatiwa sukari, yanaachwa yapoe, ndipo yanaingia kwenye friza. Nafasi ilikuwa ndogo na vijana ni wengi, kwa hiyo ilikuwa ni kuwahiana. Siku moja Mpemba alinunua maziwa kwa akina mama wa jirani, akaanza kuyachemsha. Mwenzake mmoja hakutaka kupoteza muda. Alichanganya maziwa mabichi na sukari, akakimbilia friza. Mpemba akaona kwamba akingoja ya kwake yapoe atakuta hakuna pa kuweka. Akayaingiza yakiwa ya moto, huku akijua anaweza kuiharibu friza ya watu. Baada ya saa moja na nusu walirudi pamoja kutazama. Ya Mpemba yalikuwa yameganda. Ya mwenzake yalikuwa bado uji mzito.

Alimpelekea mwalimu wake wa fizikia swali hilo. Akajibiwa kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Aliamini jibu, kama wanafunzi wengi wanavyoamini. Lakini baadaye alikutana na rafiki aliyekuwa akitengeneza na kuuza aiskrimu mjini Tanga, naye akamwambia kwamba wao huweka mchanganyiko ukiwa wa moto kwa makusudi, kwa sababu unaganda haraka. Kwa hiyo sokoni jambo lilikuwa linajulikana na kuingiza pesa, wakati darasani lilikuwa bado haliwezekani.

Alipofaulu kwenda shule ya Mkwawa, Iringa, mada ya kwanza aliyoikuta ni joto. Walipofika kwenye kanuni ya Newton kuhusu kupoa kwa vitu, akauliza tena. Mwalimu huyu naye alisema amechanganyikiwa, na Mpemba aliposhikilia hoja yake, mwalimu akamaliza kwa kusema kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, siyo fizikia ya ulimwengu. Neno likashika. Mpemba akikosea kusoma jedwali la logi, mwalimu anasema hiyo ni hisabati ya Mpemba. Darasa zima likadaka, na kila kosa likapewa jina lake.

Kijana aliyefanywa mithali darasani ana njia mbili. Mpemba alichagua ile ngumu. Siku moja alikuta maabara ya biolojia iko wazi na hakuna mwalimu. Akachukua bika mbili ndogo za sentimita za ujazo 50, moja akaijaza maji ya bomba, nyingine maji ya moto, akaziweka kwenye friza. Baada ya saa moja, yenye maji ya moto ilikuwa na barafu nyingi zaidi.

Kisha shule ikapata mgeni, Dk. Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakati huo kikiitwa University College. Alipomaliza mhadhara wake alikaribisha maswali, na Mpemba akasimama na swali lake. Ukichukua vyombo viwili vinavyofanana, vyenye maji kiasi kilekile, kimoja nyuzi 35 na kingine nyuzi 100, ukaviweka kwenye friza, kile cha nyuzi 100 ndicho kinachotangulia kuganda. Kwa nini? Wenzake walicheka. Osborne hakuamini, lakini hakumcheka. Alikiri hajui, akaahidi kujaribu atakaporudi. Dar es Salaam akampa fundi wa maabara kazi hiyo. Fundi alirudi na taarifa kwamba maji ya moto yametangulia kuganda, ila, akaongeza, wataendelea kurudia mpaka wapate jibu sahihi.

Nadhani sentensi hiyo ya fundi ina mafunzo mengi kuliko jaribio lenyewe. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha habari yote katika jarida la Physics Education. Wakati huo Mpemba alikuwa Chuo cha Wanyamapori Mweka, akisomea uhifadhi. Fizikia ilikuwa imebaki nyuma. Wanasayansi bado hawajakubaliana kama jambo hilo ni la kweli. Mwaka 2016 Burridge na Linden, watafiti wa Uingereza, walirudia vipimo kwa uangalifu na kusema hawakuona ushahidi wa kutosha, kwani hata kusogeza kipimajoto kidogo ndani ya chombo kunabadilisha matokeo. Kama Mpemba alikosea au alipatia, utaratibu wake wa vyombo viwili vinavyolingana kwa kila kitu ila kimoja ulikuwa sahihi kuliko wa waliomcheka. Wao hawakuwa na chombo hata kimoja.

Kicheko kile kilikuwa kinachunguzwa na watu wengine mbali sana na Iringa. Miaka ya 1950 Solomon Asch, mwanasaikolojia wa Marekani, aliwaweka wanafunzi wa chuo kwenye chumba na kuwaonyesha mistari, akiuliza upi unalingana na upi. Jibu lilikuwa wazi kwa macho. Ila wote chumbani isipokuwa mmoja walikuwa wamepangwa kutoa jibu la uongo kwa kauli moja. Takriban robo tatu ya wale waliokuwa wakipimwa walikubaliana na uongo angalau mara moja. Na mwaka uleule wa 1963, Robert Rosenthal na Kermit Fode walichapisha utafiti ambao wanafunzi wenyewe, bila kujua, ndio waliokuwa wakipimwa. Wanafunzi 12 wa somo la saikolojia walipewa panya watano kila mmoja ili wawafundishe kupita njia za kupotezana. Nusu yao waliambiwa panya wao ni wa ukoo wa werevu, nusu wakaambiwa ni wa ukoo wa wajinga. Panya walikuwa ni walewale, wamegawanywa ovyo. Hata hivyo "werevu" walifaulu zaidi. Matumaini ya wanafunzi yalipenya kwenye vidole na macho yao. Fundi wa Dar es Salaam angeielewa habari hiyo mara moja.

Tangu hapo yeyote anayetaka kupima tabia za watu ana adui wawili. Wa kwanza ni kukosa cha kulinganisha. Wa pili ni yeye mwenyewe. Na kazi ni ngumu kuliko ya friza, kwa sababu maji hayajui kwamba yanapimwa.

Afrika Mashariki, mahali ambapo wanafunzi waliingizwa mapema kwenye kazi hiyo ni Nairobi. Mwaka 1966, kwa fedha za shirika la Carnegie, John na Beatrice Whiting wa Harvard walianzisha kitengo cha utafiti wa makuzi ya watoto katika chuo kikuu cha pale, kikafanya kazi chini yao mpaka 1973. Shabaha mojawapo ilikuwa kuwafundisha vijana wa vyuo vya hapa kutafiti, wakaandike tabia za watoto katika vijiji wanavyovijua: nani yuko wapi, anafanya nini, na nani. Kutoka mazingira hayo ulitoka uchunguzi wa Carol Ember kule Oyugis, kwa Wajaluo, uliochapishwa 1973. Katika nyumba isiyo na binti wa umri unaofaa, mvulana ndiye anayebeba mtoto na kufanya kazi za ndani. Wavulana hao walionekana kuwa na ugomvi mdogo kuliko wavulana wasiopewa kazi hizo. Hakuna mtafiti aliyewapangia; uzazi wa mama zao ndio uliowagawa, wengine wakapata dada, wengine wakakosa.

Tanzania ilichukua njia kubwa zaidi. Azimio la Arusha lilitangazwa Februari 1967, na Septemba mwaka huo Mwalimu Nyerere akatoa andiko la Ujamaa Vijijini. Watu wangekaa pamoja, walime pamoja, na tabia yao kwa kazi na kwa jirani ibadilike. Mwanzoni ilikuwa hiari. Mwishoni mwa 1973 ikawa amri, watu wote wa mashambani wawe vijijini ifikapo mwisho wa 1976. Michaela von Freyhold, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alivichunguza vijiji vya Mkoa wa Tanga, Handeni ikiwamo, na mwaka 1979 kikatoka kitabu chake ambacho kwenye jalada lake kinaita mambo hayo uchambuzi wa jaribio la kijamii.

Kwa maana ya mtoto wa Magamba halikuwa jaribio. Hakukuwa na chombo cha pili. Nchi nzima ilitiwa kwenye friza kwa wakati mmoja. Ndiyo sababu mabishano hayaishi: chakula kilipopungua mwaka 1974 na nchi ikalazimika kuagiza nafaka kwa wingi kutoka nje, wengine walilaumu ukame, wengine wakalaumu kuhamishwa kwa watu mbali na mashamba yao. Yote mawili yalitokea pamoja, mahali palepale, kwa watu walewale. Handeni, ambako wazee walikuwa na historia ndefu ya njaa kabla ya kijiji chochote cha ujamaa, ni vigumu zaidi kutenganisha. Simlaumu Mwalimu kwa kutoacha nusu ya wilaya pembeni kwa ajili ya kulinganisha. Rais hatawali kwa ajili ya jarida la kitaaluma. Ila gharama ya kutojua imelipwa, na waliohamishwa ndio walioilipa kwanza.

Nafasi ya kulinganisha ilipopatikana tena, ilipatikana kwa bahati ya mitambo. Julai 1993 Redio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa Twende na Wakati, mara mbili kwa wiki, jioni. Waliokuwa watu wazima wakati huo wanamkumbuka Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake njia nzima, na mkewe Tunu aliyechoka. Mkwaju anaugua UKIMWI. Katikati yao wako watu wa kawaida wanaosita, na hao wa katikati ndio hasa ambao msikilizaji alikusudiwa ajione ndani yao. Mtindo huo ulitoka Mexico, kwa Miguel Sabido, aliyeujenga juu ya mawazo ya Albert Bandura, yule wa Stanford aliyeonyesha mwaka 1961 kwamba watoto wanaomwona mtu mzima akimpiga mdoli nao humpiga. Bandura naye alikuwa na kundi la watoto ambao hawakuonyeshwa mtu yeyote.

Kituo cha Dodoma kilikuwa na uwezo wa kukata matangazo ya taifa na kuweka vipindi vyake. Kwa hiyo tangu 1993 mpaka 1995, mchezo uliposikika sehemu nyingine za nchi, Dodoma ilisikia vitu vingine. Peter Vaughan, Everett Rogers na wenzao, akiwamo Ramadhani Swalehe, walihoji watu kila mwaka pande zote mbili. Walikwenda pia kwenye zahanati kuwauliza waliokuja mara ya kwanza kuchukua uzazi wa mpango wamesikia wapi. Mwaka 1995 Dodoma nayo ikafunguliwa mchezo. Waliona kwamba matumizi ya uzazi wa mpango na kinga dhidi ya UKIMWI yalipanda zaidi palipokuwa na mchezo, na Dodoma ikaanza kufuata ilipoupata.

Ni kazi nzuri, na ina tundu moja. Dodoma haikupigiwa kura. Ilichaguliwa kwa sababu ya swichi. Na Wagogo wa Dodoma si Wadigo wa Tanga. Mvua, dini, barabara na malori ya kina Mkwaju vyote vinatofautiana. Ukiwa na chombo kimoja tu upande wa pili, na chombo chenyewe ni cha udongo mwingine, huwezi kujua kilichochelewesha kuganda.

Dawa ya tundu hilo ni bahati nasibu, na wakazi wa Korogwe waliijua kwa njia ya malaria. Mwaka 2007 watoto 894 wa Korogwe na Kilifi, Kenya, wenye umri wa miezi 5 mpaka 17, waliingizwa kwenye utafiti wa chanjo ya RTS,S. Kwa upande wa Korogwe kazi ilikuwa chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, ambako Dk. John Lusingu alikuwa miongoni mwa viongozi. Kura ndiyo iliyoamua nani apate chanjo ya malaria. Wengine hawakuchomwa maji matupu. Walipewa chanjo ya kichaa cha mbwa, ili mama asiondoke mikono mitupu na mtoto apate kinga ya kitu fulani. Mzazi hakujua mwanawe amepata ipi, na daktari aliyempima homa hakujua pia. Wanafunzi wa panya walikuwa wamewafundisha watafiti kuogopa macho yao wenyewe. Desemba 2008 matokeo yalichapishwa: chanjo ilipunguza malaria kwa asilimia 53 katika kipindi cha ufuatiliaji. Korogwe ikawa tena kati ya vituo 11 vya nchi saba vya awamu kubwa iliyofuata, ambako zaidi ya watoto 15,000 walishiriki. Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza chanjo hiyo kwa watoto wa Afrika.

Kumweleza mama kuhusu kura si jambo dogo. Mtu aliyezoea kwamba daktari anajua anachotoa anaambiwa hapa daktari hajui, na kwamba kutojua huko ndiko kunakofanya jibu liaminike.

Kura ileile ilirudi katika Mkoa wa Tanga, safari hii kupima mawazo. Shirika la UZIKWASA, lenye makao Pangani na redio yake ya Pangani FM, lilikuwa na mchezo wa redio kuhusu ndoa za utotoni na za kulazimishwa. Waliokuja kuupima walikuwa profesa mmoja, Donald Green wa Chuo Kikuu cha Columbia, na vijana waliokuwa bado wanasomea uzamivu: Dylan Groves, Beatrice Montano, Bardia Rahmani, na Mtanzania Constantine Manda aliyekuwa Yale. Walipanga vijiji 30 na watu wapatao 1,200. Katika vijiji vingine, kwa kura, wanakijiji walialikwa kusikiliza mchezo wa ndoa uliofupishwa kuwa wa saa mbili. Vingine vikaalikwa vilevile, vikakaa muda uleule, vikasikiliza mchezo mwingine, uliohusu UKIMWI. Huo ndio ulikuwa kichaa cha mbwa chao: kila mtu alipata hadithi, soga ya kutoka mkutanoni, na mgeni wa kumhoji.

Wahojiwa walirudiwa baada ya muda mfupi, kisha tena baada ya zaidi ya mwaka. Waliosikia habari za ndoa walikuwa wakali zaidi dhidi ya ndoa za kulazimishwa kuliko waliosikia habari nyingine. Badiliko halikuenea kwa uzito huohuo kwenye mambo mengine ya usawa wa mke na mume. Mtu anaweza kukataa binti wa jirani aozwe kwa nguvu na bado akaona jikoni si mahali pake. Matokeo yalichapishwa mwaka 2023. Mahakama nazo zilikuwa na mwendo wao: katika kesi ya Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu ilisema mwaka 2016 kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vinavyoruhusu binti kuolewa akiwa na miaka 15 vinapingana na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubali Oktoba 2019. Habari hizo hazikufuata kura ya vijiji, ndiyo maana haziwezi kueleza tofauti kati yao.

Msomaji wa pwani atauliza swali la haki. Watu wetu wana adabu kwa mgeni. Akija na dodoso wanamjibu kinachompendeza. Ni kweli, lakini adabu hiyo ilikuwa vijijini kote, kwa waliosikia hili na waliosikia lile, na ukitoa upande mmoja kutoka mwingine inajifuta. Isiyofutika ni moja. Huenda mchezo wenyewe umemfundisha msikilizaji jibu gani mgeni anatamani, na hapo kipimo kinapanda bila moyo kusogea. Dodoso halina dawa ya hilo, hata likirudiwa mara ngapi. Kipimo kinachobaki kiko kwenye madaftari ya mahudhurio ya shule za vijiji hivyo, ambako mwalimu huandika kila asubuhi binti gani amekuja na yupi hakuja, bila kujua kijiji chake kilisikiliza mchezo gani.